UCHAMBUZI: Nani hulipia rangi za upinde wa mvua uwanjani?

KIPANDE cha utepe mweupe kilitosha kumweka kiungo Mohamed Camara nje ya uwanja kwa mechi nne.

Mnamo Mei 19, 2024, raia huyo wa Mali aliichezea Monaco dhidi ya Nantes katika siku ya mwisho ya msimu wa Ligi Kuu ya Ufaransa akiwa ameifunika beji iliyokuwa kwenye jezi yake. Beji hiyo ilibeba neno la Kifaransa lenye maana ya chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, likiwa limekatwa kwa mstari, na kila mchezaji wa ligi hiyo alitarajiwa kuivaa wikendi hiyo. Camara alifunga bao kwa mkwaju wa penalti na Monaco ikashinda 4-0, lakini keshoye gumzo lilikuwa la utepe. Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amélie Oudéa-Castéra, alitaka aadhibiwe vikali. Kamati ya nidhamu ya ligi ikaitikia kwa kumfungia.

Shirikisho la soka la Mali lilisimama na mchezaji wake. Kabla ya mwezi Agosti kumalizika, Camara alikuwa ameipa Ulaya kisogo na kujiunga na Al Sadd ya Qatar.

Ni vyema kukiweka kisa hicho kando ya kingine kilichotokea katika ligi hiyo hiyo, msimu huo huo. Septemba 24, 2023, Paris Saint-Germain (PSG) iliichapa Marseille huku sehemu ya mashabiki wa nyumbani wakiimba nyimbo za kuwakejeli mashoga. Baada ya kipenga cha mwisho, wachezaji wanne wa PSG, Ousmane Dembélé, Achraf Hakimi, Randal Kolo Muani na Layvin Kurzawa, walinaswa kwenye video wakishiriki nyimbo za matusi dhidi ya wapinzani wao. Kila mmoja alipewa adhabu ya mechi moja, tena iliyosimamishwa, maana yake ikawa onyo tu.

Waliofungua vinywa vyao kutukana walionywa. Aliyefunika beji kimyakimya alifungiwa mechi nne.

Haya hayasemwi ili kumtetea Camara, wala kuibeza kampeni yenyewe. Chuki dhidi ya mashoga katika viwanja vya soka ni jambo la kweli na imewaumiza watu wa kweli. Lakini mtu akizifuatilia kampeni hizi kwa miaka kumi na zaidi iliyopita, ataona mtindo unaojirudia: mashirikisho, ligi na klabu huzinadi rangi za upinde wa mvua maadamu hazigharimu kitu, na gharama inapojitokeza, mara nyingi huangukia bega la mchezaji mmoja mmoja.

Bendera ya upinde wa mvua kama alama ya wapenzi wa jinsia moja ilibuniwa na msanii Gilbert Baker na kupeperushwa mara ya kwanza San Francisco, Marekani, mwaka wa 1978. Kwa msomaji wa Biblia upinde ulikuwa na maana tangu enzi za Nuhu, na Askofu Desmond Tutu naye aliutumia kuisifu Afrika Kusini mpya iliyojaa watu wa kila rangi. Alama haina mwenyewe mmoja. Hata hivyo, katika viwanja vya soka vya Ulaya maana iliyotawala ni hiyo ya Baker.

Soka ya Uingereza ilianza kupigana na ubaguzi kwa utaratibu mwaka wa 1993, ilipozinduliwa kampeni iliyokuja kujulikana kama Kick It Out. Adui wakati huo alikuwa ubaguzi wa rangi. Wachezaji weusi walikuwa wakirushiwa ndizi na kuitwa nyani, na walioathirika walionekana kwa macho. Hawakuwa na njia ya kujificha hata kama wangetaka. Ubaguzi dhidi ya mashoga ulikuwa tofauti kwa sababu mwathiriwa wake angeweza kujificha, na takriban wote walijificha.

Asiyejificha alikuwa Justin Fashanu. Mshambuliaji huyo, aliyezaliwa London na baba Mnigeria, ndiye aliyekuwa mchezaji mweusi wa kwanza nchini Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja, alipohama kutoka Norwich City hadi Nottingham Forest mwaka wa 1981. Mwaka wa 1990 alijitangaza kupitia gazeti kuwa shoga. Ndugu yake John, ambaye pia alikuwa mwanasoka, alimkana hadharani. Justin alizunguka klabu baada ya klabu na bara baada ya bara, na Mei 1998 akajitoa uhai akiwa na umri wa miaka 37.

Baada yake kimya kilitanda kwa miaka 32. Ni Mei 2022 ambapo kijana Jake Daniels wa Blackpool alijitangaza, akawa mwanasoka wa kwanza wa kulipwa wa kiume nchini Uingereza kufanya hivyo tangu Fashanu akiwa bado anacheza. Hadi mwaka wa 2025 hakuna mchezaji hata mmoja wa Ligi Kuu ya nchi hiyo aliyekuwa amethubutu. Kwa upande wa wanawake hali ni tofauti kabisa: wapo wengi, wanajulikana, na mpira unaendelea. Pengo hilo la wanaume ndilo ambalo kampeni za upinde zilikusudiwa kuliziba.

Mwaka wa 2013 shirika la kutetea haki za mashoga la Stonewall lilianzisha kampeni ya kamba za viatu zenye rangi za upinde, na kuanzia 2017 Ligi Kuu ya Uingereza ikawa mshirika wake rasmi. Kamba zilifuatwa na vitambaa vya manahodha, vibendera vya kona na mabango. Kwa wikendi moja au mbili za mwisho wa mwaka, hata mtazamaji wa Nairobi au Mombasa aliyekuwa akifuatilia mechi kwenye runinga ya baa alizoea kuona rangi hizo bila kuuliza sana zilihusu nini.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja Juni 2021, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Ulaya. Bunge la Hungary lilikuwa limepitisha sheria ya kupiga marufuku kuonyeshwa kwa mambo ya mapenzi ya jinsia moja kwa walio chini ya miaka 18. Hungary ilikuwa na miadi ya kucheza na Ujerumani mjini Munich Juni 23, na meya wa mji huo, Dieter Reiter, akaomba uwanja umulikwe kwa rangi za upinde. Shirikisho la Soka Ulaya (UEFA) lilikataa kwa hoja kuwa ombi hilo lililenga uamuzi wa bunge la nchi fulani, kwa hivyo lilikuwa la kisiasa.

Hoja hiyo ingeweza kueleweka kama ingeishia hapo. Lakini siku hizo hizo UEFA iliipaka nembo yake yenyewe rangi za upinde mtandaoni. Siku chache baadaye ilipofika zamu ya St Petersburg na Baku kuandaa robo-fainali, wadhamini waliokuwa wakionyesha matangazo yenye rangi hizo waliambiwa hawangeweza kuyaonyesha huko kwa sababu ya sheria za nchi wenyeji. Upinde, kumbe, ulikuwa msimamo pale ambapo haukumwudhi yeyote, na siasa pale ulipomwudhi mtu.

Kwa haki, UEFA hiyo hiyo iliiadhibu Hungary mwezi uliofuata kwa vitendo vya kibaguzi vya mashabiki wake: faini ya euro 100,000 na mechi tatu bila mashabiki, moja ikiwa imesimamishwa. Adhabu hiyo haikuzungumziwa sana kama taa za Munich, ingawa huenda ilikuwa na uzito zaidi.

Kadi ya manjano Doha

Mwaka uliofuata mambo yalianikwa wazi zaidi. Uholanzi ilikuwa imebuni mwaka wa 2020 kitambaa cha nahodha chenye moyo wa rangi mbalimbali na maandishi ya OneLove. Rangi hizo hazikuwa za bendera ya Baker moja kwa moja. Zilichanganywa kimakusudi ili zipinge ubaguzi wa kila aina. Kuelekea Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, mashirikisho saba ya Ulaya yalitangaza kuwa manahodha wao wangekivaa: Uingereza, Wales, Ubelgiji, Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Uswisi.

Walikuwa tayari kulipa faini. Wenyewe walisema hivyo.

Lakini Novemba 21, saa chache kabla ya Uingereza kuvaana na Iran, Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) liliwafahamisha kuwa nahodha atakayekivaa angeonyeshwa kadi ya manjano. Mashirikisho yote saba yalirudi nyuma siku hiyo hiyo. Harry Kane akaingia uwanjani na kitambaa kingine cha kupinga ubaguzi kilichoidhinishwa na FIFA, kisichokuwa na rangi hizo. Siku mbili baadaye wachezaji wa Ujerumani walijifunika midomo walipopigwa picha ya timu, kisha wakalazwa 2-1 na Japan.

Kuna waliowaita waoga. Hukumu hiyo ni kali mno kwa wachezaji, kwani kadi ya manjano katika dakika ya kwanza ya Kombe la Dunia si mzaha. Wenye kulaumiwa ni waliotangaza ahadi kwa miezi mingi kupitia taarifa za vyombo vya habari bila kupima kama wangeweza kuitimiza. Kampuni ya maduka makubwa ya Rewe ilivunja ushirikiano na shirikisho la Ujerumani kwa sababu hiyo. Ilikuwa mojawapo ya mara chache ambapo fedha zilipotea kwa jina la upinde.

Mashabiki nao walionja. Baadhi ya wafuasi wa Wales waliokuwa na kofia zenye rangi za upinde waliamriwa kuzivua langoni katika mechi yao na Marekani, akiwemo nahodha wa zamani wa timu ya wanawake ya nchi hiyo, Laura McAllister. Baada ya malalamiko FIFA ilitoa hakikisho kuwa kofia zingeruhusiwa katika mechi iliyofuata. Inafaa kukumbuka kuwa katiba ya FIFA yenyewe, katika kifungu chake cha nne, inakataza ubaguzi wa aina yoyote na kuutaja kwa jina ubaguzi unaohusu mwelekeo wa kimapenzi.

Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, FIFA iliepuka mzozo kwa kutoa vitambaa vinane vya kuchagua, kila kimoja na ujumbe wake, kuanzia usawa wa kijinsia hadi kupinga njaa. Kilichokaribia zaidi matakwa ya waliotaka upinde kilikuwa na moyo wa rangi rangi na ujumbe wa umoja. Ilikuwa suluhu ya kiofisi.

Msimu wa joto wa mwaka huo ulileta pia kisa cha Jordan Henderson. Kwa miaka mingi nahodha huyo wa Liverpool alikuwa miongoni mwa sura zilizojulikana zaidi za kampeni ya kamba za viatu, na mashabiki mashoga walimwona kama ndugu. Julai 2023 alihamia Al-Ettifaq ya Saudi Arabia. Video ya klabu hiyo mpya ya kumkaribisha ilionyesha picha ya zamani akiwa na kitambaa cha upinde, ila rangi zake zilikuwa zimeondolewa, zikabaki kijivu. Henderson alirejea Ulaya Januari 2024 kuichezea Ajax. Hakufungiwa mechi yoyote, na hakustahili kufungiwa. Lakini ukipima nani aliiumiza kampeni zaidi, yeye aliyeiamini kisha akauza huduma zake, au Camara ambaye hakuwahi kudai kuiamini, jibu si rahisi kama kamati ya nidhamu ya Ufaransa ilivyoliona.

Kifua cha Gueye

Ufaransa ndiyo iliyolichukulia jambo hili kwa amri kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa misimu kadhaa wachezaji wa ligi yake walivaa jezi zenye nambari za rangi za upinde mgongoni katika wikendi moja ya Mei. Kiungo Idrissa Gueye wa Senegal, wakati huo akiwa PSG, alikosa mechi ya aina hiyo mwaka wa 2021, na akakosa tena Mei 14, 2022 ugenini Montpellier. Kocha wake alisema zilikuwa sababu za kibinafsi. Baraza la maadili la shirikisho la Ufaransa lilimwandikia likimtaka ama akanushe uvumi au aombe radhi. Rais wa Senegal wa wakati huo, Macky Sall, alijitokeza kumtetea na kutaka imani yake ya Kiislamu iheshimiwe.

Hapo ndipo penye kiini cha mkwamo wa mchezaji wa Kiafrika. Barani Ulaya mwajiri wake anamtaka avae. Nyumbani, sheria ya Senegal ya wakati huo iliadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano, na jamii huadhibu kwa njia zake hata bila mahakama. Mchezaji ana mama, ana wajomba, ana jirani wa msikitini. Picha moja ya jezi humfuata hadi kijijini. Maofisa wa Paris walioandika barua ile hawakuonekana kulifikiria hilo hata kidogo.

Msomaji wa Kenya ana sababu yake ya kukikumbuka kifua cha Gueye. Kabla ya kwenda Paris mwaka wa 2019 alikuwa Everton, na kuanzia 2017 jezi ya Everton ilibeba jina la SportPesa, kampuni ya kamari iliyopata umaarufu wake Nairobi. Ni udhamini huo uliowaleta Everton jijini Dar es Salaam Julai 2017, wakaifunga Gor Mahia 2-1 huku Wayne Rooney akifunga bao. Uislamu unakataza kamari kwa uwazi. Wakosoaji wakauliza kwa nini dhamiri iliyovumilia kamari ilishindwa kuvumilia upinde.

Swali hilo ni la haki, ila lina ncha mbili. Dhamiri ya mtu haihitaji kuwa kamilifu ndipo iheshimiwe. Kama ingekuwa hivyo hakuna muumini yeyote ambaye angesikilizwa. Isitoshe, klabu zinazouliza swali hilo ndizo zilizoweka kamari kifuani kwa miaka mingi. Ni Aprili 2023 tu ambapo klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuiondoa kwenye upande wa mbele wa jezi, na hata hivyo zikajipa hadi mwisho wa msimu wa 2025/26.

Kulikuwa na wakati ambapo soka ilijua kumpisha mtu. Mwaka wa 2006 mshambuliaji Frédéric Kanouté, Mwislamu aliyeichezea Mali kama Camara, alikataa kuitangaza kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini wa Sevilla ya Uhispania. Klabu ilimtafutia jezi isiyo na jina hilo hadi mwafaka ulipopatikana. Kanouté alikuwa akikataa pesa za klabu moja kwa moja, na bado alisikilizwa.

Ufaransa haikulegeza kamba baada ya Gueye. Mei 2023 Nantes ilimtoza faini mshambuliaji wake Mmisri, Mostafa Mohamed, kwa kukataa kucheza, nayo Toulouse ikawaacha nje wachezaji kadhaa. Mwaka wa 2024 nambari za rangi ziliachwa na badala yake ikaja beji, labda kwa matumaini kuwa jambo dogo lingemezeka kirahisi. Camara akaja na utepe wake. Mei 2025 Mserbia Nemanja Matic wa Lyon, ambaye si Mwislamu wala Mwafrika, aliifunika beji vivyo hivyo, na Mmisri Ahmed Hassan wa Le Havre akafanya hali kadhalika. Wote wawili waliadhibiwa. Amri imerudiwa kila mwaka na kila mwaka imezaa waasi wapya, huku habari za wikendi hiyo zikiwa za waasi na si za mashoga wanaotukanwa.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Mwishoni mwa Novemba 2024, Sam Morsy, Mwislamu aliyeichezea Misri na wakati huo akiwa nahodha wa Ipswich, alivaa kitambaa cha kawaida badala ya kile cha upinde, na klabu yake ikasema inauheshimu uamuzi wake. Marc Guéhi, beki mzaliwa wa Abidjan aliyekuwa nahodha wa Crystal Palace na ambaye baba yake ni mhubiri, alikivaa cha upinde lakini akaandika juu yake kwamba anampenda Yesu. Siku chache baadaye aliandika kwamba Yesu anakupenda. Chama cha Soka kilimkumbusha kanuni na kumwacha. Manchester United nayo iliachana na mpango wa kuvaa jaketi za upinde baada ya Noussair Mazraoui wa Morocco kukataa, kwa kuwa wenzake hawakutaka abaki peke yake.

Hakuna aliyefungiwa, na dunia haikuporomoka. Lakini njia hiyo nayo ina gharama yake, maana mwaka wa 2025 Ligi Kuu na Stonewall ziliachana baada ya miaka minane. Alama ambayo kila mmoja anaweza kuiandikia maneno yake hufika mahali ikapoteza usemi.

Kanuni ya nne ya sheria za mchezo inakataza vazi lolote lenye kauli ya kisiasa, ya kidini au ya kibinafsi. Ni kanuni inayosomwa kwa miwani tofauti kila mara. Desemba 2016 FIFA iliitoza faini Uingereza na Scotland kwa kuvaa maua mekundu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Mwaka uliofuata maua hayo yakaruhusiwa. Kwa msingi huo, upinde ni kauli ya kisiasa Doha, ni sare ya kazi Ufaransa, na ni hiari London.

Yapo mambo yaliyofanya kazi, nayo hayana rangi za kuvutia. Juni 2024 mahakama ya Uhispania iliwahukumu mashabiki watatu wa Valencia kifungo cha miezi minane kwa kumtukana Mbrazili Vinícius Júnior kwa misingi ya rangi Mei 2023. Mexico imetozwa faini mara kadhaa na hata kucheza bila mashabiki kutokana na wimbo wa mashabiki wake wa kuwakejeli mashoga. Kanuni za nidhamu za FIFA za 2019 ziliweka adhabu isiyopungua mechi 10 kwa mchezaji anayemdhalilisha mwingine kibaguzi. Hatua za aina hii zinamgusa aliyetenda, wala hazimtaki mtu yeyote atangaze anachoamini. Muumini wa dini yoyote anaweza kuzitii bila kukiuka imani yake, kwa kuwa hakuna dini inayomwamuru kumtukana mtu kutoka jukwaani.

Ni tofauti hiyo, kati ya kumzuia mtu asidhuru na kumlazimisha akiri, ambayo viongozi wa ligi ya Ufaransa wameshindwa kuiona, na ambayo watetezi wengi wa Gueye na Camara barani Afrika nao wameikwepa. Wengi wao hawakutetea uhuru wa dhamiri. Walifurahia tu kuona mashoga wamekataliwa. Bunge la mpito la Mali lilipitisha sheria ya kuharamisha mapenzi ya jinsia moja Oktoba 2024, miezi michache baada ya kisa cha Camara, na dhamiri ya Mmali aliye shoga haikupata mtetezi katika shirikisho lolote la soka.

Afrika Mashariki haiko mbali na haya. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikataa Mei 24, 2019 kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu, vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka 14. Februari 2023 Mahakama ya Juu nayo ikaamua kuwa mashoga wana haki ya kusajili shirika lao. Uganda ilipitisha Mei 2023 sheria kali zaidi, yenye hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Aprili 2024 Mahakama yake ya Kikatiba ikaibakisha sehemu kubwa. Septemba 2023, kati ya matukio hayo, Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Jinsi swali linavyoweza kumkuta mwenyeji kwa ghafla lilionekana Desemba 2025. Kamati ya maandalizi ya Seattle, Marekani, ilikuwa imeitenga mechi ya Kombe la Dunia ya Juni 26, 2026 iwe ya kusherehekea mashoga, kabla ya kujua nani angecheza. Droo ikaleta Misri na Iran. Mashirikisho yote mawili yalilalamika, Misri kwa barua rasmi kwa FIFA, nao wenyeji wakashikilia kuwa shughuli hizo ni za mji na zingefanyika nje ya uwanja. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinaweza kukutwa na kinyume chake: shabiki aliyesafiri kutoka Ulaya kumtazama mpwa wake, akafika langoni na kofia yenye rangi zisizotakiwa. Askari wa lango hatakuwa na katiba ya FIFA mfukoni. Atakuwa na maagizo aliyopewa asubuhi hiyo, kama yatakuwepo.

Lililo karibu zaidi linahusu mikataba. Beki wa Harambee Stars Joseph Okumu alijiunga na Reims mwaka wa 2023, naye Mtanzania Mbwana Samatta akatua Le Havre mwaka wa 2025. Wengine watawafuata katika ligi hiyo. Wakala anayemsafirisha kijana kutoka Kisumu au Kakamega humweleza mshahara, nyumba na asilimia yake mwenyewe. Ni nadra kumweleza kuwa wikendi moja ya Mei atapewa jezi yenye alama, kwamba kuikataa kunaweza kumgharimu mechi na mshahara, na kwamba kuivaa kutazua maswali nyumbani. Kwa sasa Mwafrika huyo huyajua hayo chumbani mwa kubadilishia nguo, jezi ikiwa tayari imetundikwa mbele yake.